TAHADHARI: "Ofa ya familia" ya Pasaka, kisiwa cha Mbudya na hifadhi ya Mikumi. Msitume advansi!

Wadau wa Dar, hasa wazazi mnaotaka kuwatoa watoto sikukuu hii, someni kabla hamjatuma hela. Kuna watu wanauza safari hewa, na kalenda wanaijua kuliko sisi. Mwaka huu wa 2026 Jumatatu ya Pasaka ni tarehe 6 Aprili na kesho yake ni Karume, kwa hiyo ukianzia Ijumaa Kuu ni siku tano mfululizo za "mama tunaenda wapi?" Bado Muungano, bado Mei Mosi. Hapo ndipo wanapovuna.

Shemeji yangu na wenzake wa kikoba huko Tabata walitapeliwa Idd. Sasa tangazo lilelile limerudi kwenye status za watu, wamefuta neno Idd wakaweka Pasaka, hata picha hawakubadilisha.

Tangazo lenyewe linavutia, tusidanganyane. Juu boti imejaa watoto wanacheka, chini tembo. Mtu mzima 65,000, mtoto 35,000, usafiri, kiingilio na msosi juu yao. Ukilisoma taratibu ndio unaona vituko: "Mbudya asubuhi, Mikumi mchana, jioni nyumbani". Jamani! Boti za Mbudya zinaondokea Kunduchi, Mikumi iko karibu kilomita 300 kwa barabara ya Morogoro, na foleni ya Kimara hadi Kibaha siku ya sikukuu mnaijua wenyewe. Ukiwabana wanasema mtapanda SGR, treni ya umeme, "mpaka getini". SGR inakushusha Morogoro, na kutoka hapo bado una safari ya gari.

Kina mama walichagua Mbudya peke yake, wakaona ni karibu, hakuna cha kuharibika. Wakaingizwa kwenye grupu la WhatsApp. Humo kila baada ya muda anatokea mtu: "Admini nimeshalipa ya watu sita, Mungu awabariki." Mwingine: "Mwaka jana tulienda nao, wako vizuri sana." Shemeji ananionyesha baadaye, wawili kati ya hao wana picha ya mtoto mmoja kwenye profaili, gauni lilelile la njano. Anayeuliza ofisi iko wapi anatolewa kimyakimya. Anayesitasita anafuatwa inbox: "Dada angu kipenzi, zimebaki nafasi nne tu, nikuwekee?"

Wakatuma nusu. Wakaletewa risiti ya picha yenye muhuri wa bluu, na muhuri huo umekaa palepale, umepinda vilevile, kwenye risiti ya kila mmoja wao. Siku moja kabla ya safari ikaja meseji ya kudai hela mara ya pili: bahari imechafuka, inabidi boti kubwa, ongezeni 15,000 kila kichwa la sivyo nafasi anapewa mwingine. Mnaona akili yao? Mwezi wa tatu mvua za masika zinaanza, habari ya bahari kuchafuka inaaminika. Wakaongeza.

Asubuhi wamefika Kunduchi na watoto, mabeseni ya pilau, maboya ya kuogelea shingoni. Namba haipatikani. Grupu limefutwa. Mwenye boti mmoja pale alipoonyeshwa ile risiti wala hakuishika, akasema hiyo tumeshaizoea, kila sikukuu wanaletwa watu.

Sasa shikeni hili. Matapeli hawa wanaishi kwa kukuunganishia vitu ambavyo kila kimoja kina njia yake ya kulipiwa, na hakuna njia hata moja inayopita kwenye simu ya mtu wa kati. Tiketi ya SGR inatoka kwa jina la abiria, unakata mwenyewe kwenye mfumo wa TRC (shirika la reli) au stesheni; nauli iliyotangazwa treni ilipoanza 2024 ilikuwa 13,000 daraja la kawaida hadi Morogoro, wao wanaandika 45,000. Kiingilio cha Mikumi ni cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hawapokei keshi, unalipa kwa kontrol namba (namba ya malipo ya serikali) au kadi. Mbudya na kisiwa kingine cha Bongoyo ni maeneo tengefu ya bahari, kiingilio chake ni cha serikali na risiti yake ni ya serikali. Boti unapatana na wenye boti, Kunduchi kwa Mbudya, Slipway kwa Bongoyo. Kwa hiyo usimuombe "risiti". Muombe tiketi yenye jina lako au kontrol namba. Wa kweli anakutumia, tapeli anaanza kukuita mgumu.

Wapo wapanga safari halali, wengi tu, siwachafulii biashara. Hao wana leseni ya biashara ya utalii, ile ya TALA, wanalipwa kwa jina la kampuni, na ukisema unapita ofisini kesho hawapandwi na hasira. Huyu tapeli hela yake ilikuwa inaingia kwa jina la bibi mmoja ambaye si ajabu hata hajui kama ana laini hiyo. Na wewe piga *106# uone kitambulisho chako kimesajili laini ngapi.

Kama umeshatuma, usianze kubembelezana naye inbox, unampa muda wa kuitoa hela. Piga 100 ya mtandao wako hapohapo uombe muamala uzuiwe, namba yake iripoti 15040, kisha polisi ukachukue RB, namba ya taarifa yako. Skrinshoti pigeni kabla hamjatolewa kwenye grupu.

Namba zao sibandiki, wanabadilisha kila msimu na mwenye jina anaweza kuwa mtu asiye na hatia. Ila kina mama wa Tabata wameshafungua jalada. Mwenye risiti ya muhuri wa bluu uliopinda aje inbox nimpe namba ya RB, kesi ziunganishwe.