Daily Racing Form kwa siku ya Breeders' Cup: usikimbilie namba iliyokolezwa wino

Anayenunua rekodi za farasi za Daily Racing Form, gazeti la Marekani la mbio za farasi, kwa mara ya kwanza hutupa jicho mahali pamoja tu: kwenye namba nyeusi iliyokolezwa katikati ya kila mstari. Hiyo ndiyo Beyer, namba ya kasi (kubwa ndiyo bora) ambayo imekuwemo kwenye gazeti hili tangu 1992 (lenyewe lilianza 1894). Ni namba nzuri, hilo halina ubishi. Ila ukilipia ukurasa mzima kwa ajili yake peke yake, umelipia vingi usivyovitumia, na kwenye mbio za ubingwa kama Breeders' Cup ndipo utakapoumia.

Tuanze na inapofanya kazi vizuri. Mwaka 2016, farasi Arrogate alishinda mbio za Travers pale Saratoga kwa dakika 1 na sekunde 59.36, akapewa Beyer 122. Miezi michache baadaye, kwenye Breeders' Cup Classic (mbio kuu za siku hiyo) ya Santa Anita, akamfikia California Chrome mwishoni na kumpita kwa nusu urefu wa farasi. Mwaka 2022 Flightline alifika kwenye Classic ya Keeneland na mbio 5 tu, zote ameshinda, na Beyer 126 ya Pacific Classic aliyoishinda kwa urefu 19 na robo. Mpinzani wake, Life Is Good, aliongoza nusu maili kwa sekunde 45 na ushei, Flightline akiwa nyuma yake palepale. Mwisho Flightline akashinda kwa urefu 8 na robo. Hapo namba ilisema kila kitu, na aliyetafuta ujanja mwingine alijisumbua bure.

Katika maili moja na robo, ambao ndio umbali wa Classic, urefu mmoja wa farasi ni kama pointi moja na nusu za Beyer. Kwa furlongi 6 (robo tatu ya maili) unakaribia pointi mbili na nusu. Kwa hiyo farasi wa 108 na wa 106 kwenye Classic wametofautiana kwa urefu mmoja na ushei tu. Usimfute wa pili.

Namba hiyo haihesabu kona. Farasi aliyepita njia ya nne kutoka kwenye uzio ametembea mbali zaidi ya aliyebana ndani, na kila njia moja ya nje katika kona moja hugharimu kama urefu mmoja, pengine na zaidi kidogo. Uzito aliobeba nao haumo. Unalazimika kuokota habari hizo kwenye maelezo mafupi mwishoni mwa mstari, na maelezo yenyewe ni ya maneno mawili matatu, mkato mtupu. Huu ndio udhaifu mkubwa wa bidhaa hii. Karatasi za Ragozin na Thoro-Graph, ambazo nazo huuza namba za kasi, huingiza kona na uzito ndani ya namba, ila kule namba ndogo ndiyo bora, na aliyezoea Beyer huchanganyikiwa mwanzoni.

Mstari wenyewe husomwa hivi: mbio za karibuni ziko juu, kwa hiyo anza chini ukipanda ili uone farasi anakokwenda. Kwanza kuna tarehe, namba ya mbio na kifupi cha uwanja (CD ni Churchill Downs, Kee ni Keeneland, SA ni Santa Anita). Kisha hali ya njia: fst ni udongo mkavu, sly ni udongo wenye maji juu, fm ni nyasi zilizo imara. Duara lenye T ndani ni nyasi. Baada ya hapo zinakuja nyakati za vipande, na hapa wengi huteleza: nyakati hizo ni za farasi aliyekuwa mbele, si za huyo unayemsoma. Kupata zake, chukua umbali alioachwa na kiongozi, kila urefu mmoja uhesabu moja ya tano ya sekunde, ujumlishe. Kiongozi akipita nusu maili kwa sekunde 46, na farasi wako yuko nyuma kwa urefu 7, yeye amepita kwa takriban 47.4.

Kuna mtego mwingine unaofanana na huo. Kwenye rekodi hizi, kanamba kadogo kando ya nafasi ni umbali kutoka kwa kiongozi. Kwenye chati ya matokeo, kanamba hakohako ni umbali ambao farasi amemwacha anayemfuata. Ukisoma moja kwa kanuni za nyingine, farasi aliyeachwa mbali utamwona kama aliyekuwa karibu.

Sasa kisanduku cha juu kulia, sehemu ninayoipa alama nyingi kuliko zote. Kinagawanya maisha ya farasi kwa aina ya njia, kwa umbali na kwa uwanja wenyewe. Kabla ya Classic ya 2010, Zenyatta alikuwa na mbio 19 na ushindi 19. Kumi na saba kati ya hizo zilikuwa kwenye njia za kutengenezwa (si udongo wala nyasi) za California. Kwenye udongo zilikuwa mbili tu, zote Oaklawn. Mwaka mmoja kabla alikuwa farasi jike wa kwanza kushinda Classic, lakini hiyo nayo ilikuwa Santa Anita, njia ya kutengenezwa. Safari hii mbio zilikuwa kwenye udongo wa Churchill Downs, na mpinzani wake Blame alikwishashinda mbio za Clark na za Stephen Foster uwanjani hapo. Zenyatta aliachwa mbali mwanzoni, akaja mbio za ajabu, akashindwa na Blame kwa kichwa. Kisanduku hakikusema atashindwa. Kilisema swali liko wapi.

Rich Strike kwenye Kentucky Derby ya 2022 ni kisa kigumu zaidi. Odi 80 kwa 1, farasi aliyenunuliwa kwa dola 30,000, na namba zake hazikumtetea. Hata hivyo ushindi wake pekee kabla ya hapo ulikuwa kwenye udongo wa Churchill Downs, kwa urefu 17 na robo. Halafu kulikuwa na msururu wa farasi wanaopenda kuongoza. Robo maili ya kwanza ilikwenda kwa sekunde 21.78, kasi kubwa kuliko yoyote katika Derby, na waliokuwa mbele wakalipa. Siamini kama kuna aliyemwona kwa ukurasa peke yake, ila kasi ya mwanzo ilihesabika: tazama nafasi za mwanzo za kila farasi, hesabu wanaokuwa wa kwanza au wa pili. Wakifika wanne, anza kutafuta wa nyuma. Brisnet, huduma nyingine ya rekodi, hukufanyia kazi hiyo kwa kumwekea kila farasi herufi ya mtindo wake na namba za kasi za vipande.

Ukurasa hunyamaza kabisa kwa farasi wa Ulaya anayehama nyasi. Arcangues, kutoka zizi la André Fabre, alikanyaga udongo kwa mara ya kwanza kwenye Classic ya 1993, na dau la dola 2 likalipa 269.20. Kwa farasi kama huyo, soma ukoo na mazoezi ya chini ya ukurasa (kitone cheusi ni muda bora wa siku kwa umbali huo).

Angalia pia herufi L, alama ya dawa ya Lasix. Mbio za Breeders' Cup haziruhusu Lasix siku ya mashindano tangu 2021, hivyo mwenye L kwenye mistari yake ya nyuma anakuja bila dawa aliyoizoea.

Na usichapishe PDF mapema mno. Rich Strike aliingia Derby siku moja kabla, baada ya farasi mwingine kuondolewa. Pakua asubuhi ya mbio, kisha linganisha na orodha ya walioondolewa. Kama unatazama tu bila kuweka dau, chati za matokeo za Equibase ni bure na zitakutosha.