Mchimbaji aliyepiga teke udongo wangu, Bagamoyo

Maji yalitoka, tena mengi. Naanza na hilo kwa sababu yule bwana aliyenichimbia kisima akisikia nimemlalamikia, neno lake la kwanza litakuwa kwamba kazi yake ni kutoa maji na maji aliyatoa. Kweli aliyatoa, na ni ya chumvi. Sabuni haitoi povu. Maharage yanachemka mpaka mkaa unakwisha na bado magumu. Mchicha nilioumwagilia uliungua pembezoni mwa majani, halafu ukalala wote.

Kiwanja changu kiko upande wa Kaole, si mbali na mikoko. Mchimbaji nilielekezwa na fundi aliyenijengea, maana huku kila fundi ana mchimbaji wake, na kila mchimbaji ana mpimaji wake. Mpimaji akaja na vyuma viwili vya shaba mkononi, akazunguka kiwanja, vyuma vikapishana karibu na mwembe, akasema hapa chini kuna mto. Nikamuuliza, mto wa maji baridi au maji chumvi? Akanijibu kwamba vyuma haviulizwi hivyo. Sitaki kumsema sana, kwa sababu pwani hii ukichimba popote utakuta maji, kwa hiyo vyuma vyake haviwezi kushindwa. Lakini hilo nililomuuliza ndilo hasa nililokuwa nalipia kujua.

Sasa nije kwenye teke, maana ndilo lililonikalisha hapa kuandika.

Siku ya kuchimba alikuwepo kijana mmoja wa mtambo, mpole, amevaa fulana iliyojaa tope. Kila walipoongeza bomba alikuwa anachota udongo unaopanda na matope, anauweka chungu chungu kwenye gunia, kwa mpangilio, na anaandika kwenye daftari la shule. Nilikaa naye karibu nikitazama. Chungu za mwanzo zilikuwa mchanga mwekundu. Halafu ukaja mchanga mweupe, safi, chembe kubwa kubwa, ukiufumbata unahisi maji yanapita katikati ya vidole. Kijana akaniambia, "Mama, hapa pazuri." Ilikuwa kama mita ya 14 mpaka ya 22. Baadaye ukaja mfinyanzi, na baada yake tope la kijivu lenye vipande vya magamba ya chaza ndani yake, linanuka mikoko kabisa.

Jirani yangu ni mzee aliyechimba visima vya mkono maisha yake yote hapa Bagamoyo. Alikuja kutazama, akainama, akasugua lile tope la kijivu kwa dole gumba. Akasema, "Mwanangu, hii ilikuwa bahari. Waambie wasimame." Nikaenda kwa bosi, mchimbaji mwenyewe, kwa adabu zote, nikamwambia shikamoo kwanza ingawa nadhani tunalingana. Nikamwomba aje anisomee ule udongo pale kwenye gunia, anieleze kwa nini tunaendelea kushuka.

Alikuja. Akazitazama zile chungu, akazipiga teke kwa buti, zikachanganyikana zote, nyekundu na nyeupe na kijivu. Akasema, "Mama, mimi nimechimba Dodoma, nimechimba Singida. Leo nifundishwe kazi na mzee wa sururu?" Mbele ya mzee mwenyewe. Mzee hakujibu, akajifuta dole gumba kwenye kikoi akaondoka.

Wakaendelea mpaka mita 65. Malipo ni kwa mita, naliweka wazi hilo kila mtu alipime mwenyewe. Tena bomba zenye matundu akaziweka kote kuwili, kwenye mchanga mweupe na kule chini kwenye chumvi, kwa hiyo hata yale maji mazuri ya juu yanachanganyika na mabaya ndani ya shimo moja. Nilipompigia simu kumwambia maji hayanyweki, akaniambia chumvi ni ya Mungu.

Hapo nilikuwa tayari kusema kwa herufi kubwa: msimwite huyu mtu kamwe. Lakini ngoja niwe mkweli, kwa sababu nimeona kazi ya mikono yao. Shimo limenyooka. Bomba zimeshikana vizuri, kokoto zimejazwa sawasawa pembeni, uwanja waliusafisha. Na ukienda bara, Lugoba kule kunakopasuliwa kokoto, ardhi ni mwamba mgumu, maji yanakaa kwenye nyufa, na mara nyingi hakuna namna ila kushuka chini sana kuzitafuta. Mtambo kama wake na ubishi kama wake huenda vikafaa huko. Tatizo ni kwamba alikuja ufukweni na akili ya mwamba. Huku maji baridi yamelala juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi, na ukizidisha kina unayavuka.

Hili la kuyavuka nilielezwa vizuri na mtaalamu wa maji ardhini niliyemtafuta baadaye, mtu mwenye subira ya ajabu. Alisema kwa hesabu ya kawaida ya pwani, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Sisi tulio karibu na mikoko, kimo chetu juu ya bahari ni kidogo mno, kwa hiyo akiba yetu ni nyembamba. Na ukiivuta kwa pampu kubwa, maji yakishuka kidogo juu, chumvi inapanda sana kutoka chini. Kumbe hata kisima kizuri unaweza kukiharibu kwa pupa ya pampu.

Yeye alipima kwa umeme, vyuma vimechomekwa ardhini kwa mstari, waya mrefu umevuka mpaka kwa jirani. Umeme hupita kirahisi penye maji chumvi. Lakini akanieleza kwamba hupita kirahisi kwenye mfinyanzi pia, kwa hiyo kipimo peke yake hakimwambii ni kipi kati ya hivyo viwili. Akaniuliza, "Mama, taarifa ya kisima cha kwanza iko wapi? Tabaka zilikuwaje?"

Sikuwa nayo. Bosi alisema taarifa haikuwemo kwenye bei. Ni yule kijana aliyenisaidia: nilimpigia, akanipigia picha kurasa za daftari lake na kunitumia jioni ile ile. Mwandiko wa kalamu ya bluu, tope juu yake, lakini kila kitu kimo: mchanga mwekundu, mchanga mweupe, mfinyanzi, kijivu magamba. Mtaalamu alizisoma mara moja akajua cha kufanya. Yule kijana namsifu kwa moyo wote, na kama siku moja atakuwa na mtambo wake mwenyewe nitampeleka kwa kila ninayemjua.

Shimo la zamani limezibwa kwa mfinyanzi na saruji ili lisiendelee kupandisha chumvi. Jipya limeishia kwenye mchanga mweupe, pampu ndogo, inajaza tenki polepole usiku. Chai sasa ni chai. Wageni wanaokwenda magofu ya Kaole huonyeshwa kisima cha kale cha maji matamu pale karibu na bahari, kifupi, cha mkono. Waliokichimba hawakuwa na mtambo, ila walijua pa kusimama.

Kwa hiyo nimwiteje huyu bwana? Nilitaka kumwita tapeli, kisha nikasema hapana, ni mgeni wa ardhi yetu tu. Lakini mgeni huuliza. Na ukiwa Lugoba nako, atakuja kukupigia teke udongo wako vilevile, kwa hiyo nafuta hata lile jema nililosema kuhusu bara. Mnaotafuta mchimbaji huku, mwombeni leseni yake ya Wizara ya Maji, ulizeni kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu na mkishike mkononi, maana mimi nilionyeshwa kitu kwenye simu upesi upesi. Na kabla ya kutoa hata senti, mwulizeni ni visima gani amechimba mtaani kwenu, mwende mkaonje.

Anaendelea kunidai baki. Ninayo, iko kwenye bahasha. Aje na taarifa ya kisima, tabaka kwa tabaka, apite kwanza kwa jirani yangu amwombe radhi, kisha nimlipe.