Kalamu ya wino isiyo na kifuniko: vidole viamue kabla ya macho

Kwa miaka mingi nilitembea na kalamu ya wino yenye kifuniko, na maandishi yake hayakuwahi kunipa sababu ya kulalamika. Taabu ilikuwa kwamba kalamu ya namna hiyo inahitaji mikono miwili. Simu ikiwa sikioni na daftari likiwa gotini, huna mkono wa kufungulia kifuniko, wala mahali pa kukiweka ambapo hakitaviringika na kuanguka. Ndiyo maana nikaanza kujaribu kalamu ambazo nibu, yaani ncha ya chuma inayoandikia, hutoka na kurudi ndani kwa kubofya au kuzungusha, kama biro, na baada ya kutumia kadhaa kwa muda mrefu nimeona kwamba wengi huzichagua kwa kutazama mambo yasiyo na uzito mkubwa.

Jina la kwanza katika aina hii ni Pilot Capless, ambayo Marekani huuzwa kwa jina la Vanishing Point. Ilitoka Japani mwaka 1963, na ile ya awali ilikuwa ya kuzungusha. Kitufe cha kubofya kilikuja baadaye. Siri yake imo katika kijilango kidogo chenye springi kilicho nyuma ya tundu la mbele. Ukibofya, nibu hukisukuma kando na kutoka. Nibu ikirudi, kijilango hujifunga ili hewa isikaushe wino. Kalamu nzima inategemea kipande hicho, kwa sababu kisipofunga sawasawa utakuta nibu imekauka asubuhi, hata kama imetengenezwa kwa dhahabu safi kiasi gani.

Hata hivyo, linaloamua kama kalamu hii itakufaa au haitakufaa ni kishikizo cha mfukoni. Katika kalamu ya kawaida kishikizo hukaa kwenye kifuniko, mbali na vidole. Katika Capless kimewekwa upande wa nibu, ili kalamu ikiwa mfukoni nibu itazame juu na wino urudi chini, na kwa hiyo unapoandika kinakuwa katikati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Mwenye kushika kalamu kwa vidole vitatu kama alivyofundishwa shuleni huenda akakiona ni msaada, kwa kuwa kinamwelekeza nibu ikae sawa. Mwenye kuipinda kalamu, au kuishika chini sana karibu na nibu, atachoka kabla ya kumaliza ukurasa, na hakuna mazoea yatakayomsaidia. Kabla ya kutoa fedha, chukua biro nene, ibandike njiti ya kiberiti kwa utepe mahali ambapo kishikizo kingekaa, kisha andika ukurasa mzima bila kusita. Jaribio hilo linaonekana la kitoto, lakini lingeniokoa na ununuzi mmoja niliojutia.

Ukiona njiti inakusumbua kidogo tu, jaribu Decimo, ambayo ni ndugu mwembamba wa Capless: ina uzito wa takribani gramu 21 badala ya 30, na kishikizo chake ni chembamba zaidi. Hiyo ndiyo ninayoibeba mimi. Ikiwa inakusumbua sana, Lamy Dialog 3 ya Ujerumani imelitatua jambo hilo kwa ufundi unaopendeza, kwa kuwa unapoizungusha ili nibu itoke, kishikizo nacho huzama na kulala sambamba na mwili wa kalamu. Ila ni nene na nzito, na kuizungusha kunarudisha ile haja ya mikono miwili niliyokuwa nikiikimbia. Platinum Curidas, iliyotoka mwaka 2020, ina kishikizo kinachoweza kuondolewa, ingawa hubaki kinundu kidogo mahali pake. Mwili wake ni wa plastiki inayopitisha mwanga, hivyo unauona wino uliobaki bila kufungua chochote, na nibu yake ni ya chuma cha pua. Kitufe chake husukumwa mbali kuliko nilivyotarajia. Kidole gumba changu hakijakizoea hadi leo.

Kuhusu dhahabu, sina mengi. Nibu ya Capless yenye dhahabu ya karati 18 hulainika kidogo chini ya mkono, lakini ni ndogo na haitakupa mistari minene na myembamba kwa kukandamiza. Ya kuangalia zaidi ni upana: nibu nyembamba ya Kijapani huandika mstari mwembamba kuliko ya Ulaya yenye alama ileile, na hilo ni faida kwenye karatasi duni inayonyonya wino.

Udhaifu usiokwepeka wa Capless na Decimo ni kiasi cha wino. Bomba dogo la kufyonzea, CON-40, hubeba takribani mililita 0.4 tu, ilhali katriji ya Pilot, yaani kichupa chembamba cha plastiki kinachouzwa kikiwa kimejaa wino, hubeba mililita 0.9 hivi. Kwa kuwa ninaandika nikiwa safarini, ninatumia katriji, na ikiisha huijaza upya kwa sindano isiyo na ncha. Anayefuata njia hiyo asitupe kifuko cha chuma kinachokuja na kalamu, kwani ndicho kinachovikwa juu ya katriji ili ihimili msukumo wa kitufe. Kinafanana sana na takataka ya ufungashaji, na changu nilikiokota kwenye kapu la taka siku ileile niliyoifungua kalamu. Wino wenye chembe zinazometameta nao nauepuka, kwa kuwa chembe hizo huganda kwenye njia ya wino, na sipendi kuwaza zinafanya nini kwenye kile kijilango ambacho siwezi kukifikia kwa kitambaa.