Deikea ya bure New Mexico: hela ipo, nafasi ndo kasheshe

Nyota nne. Ya tano naishikilia kwanza mpaka vichanga wapate pa kwenda.

Naongelea ile huduma ya jimbo la New mexico, Marekani, ya kumlipia mtoto wako deikea. Tangu tarehe 1 Novemba 2025 hawaangalii tena mshahara, zamani ukizidi kiwango unatolewa, sasa hivi hata ukiwa meneja unaingia ilimradi uko kazini au unasoma na kituo kiwe kinatambulika. Na usidhani ni punguzo, ni bure bure. Jimbo lenyewe limepiga hesabu familia inaokoa wastani wa dola 12,000 kwa mtoto kwa mwaka, hiyo sio hela ya soda jamani.

Kilichonikosha ni kwamba hawakukurupuka kutangaza bure halafu ndo watafute hela. 2019 walipitisha sheria ya kuunda idara ya watoto wadogo peke yao, ikaanza kazi 2020, deikea, chekechea, wale wanaotembelea wazazi wenye vichanga majumbani, wote humo humo. 2022 wakawauliza wananchi kwa kura, kama asilimia 70 wakakubali katiba ibadilishwe ili mfuko wa kudumu wa jimbo, unaojazwa na mafuta na gesi, utoe zaidi kila mwaka kwa ajili ya watoto na shule. (Mafuta yakishuka bei sijui watasemaje, ila angalau kuna akiba.)

Sasa ubaya. Kibali nilipata chap, fomu iko onlaini, lakini kituo cha karibu na kazini wakaniandika kwenye foleni na mpaka leo kimya. Kichanga anataka mikono mingi, walezi wachache na mishahara yao ya kusikitisha, kwa hiyo vituo vingi vinakimbilia watoto wakubwa wakubwa. Jimbo linavilipa zaidi vituo vinavyompa mlezi anayeanza angalau dola 18 kwa saa na kuwa wazi kwa masaa 10 kwa siku, siku 5 za wiki, na mi naona wamegusa penyewe, ila walimu hawaoti kama uyoga.

Nimeishia kwa mama mmoja anayelea nyumbani kwake, amesajiliwa, analipwa na jimbo vilevile, na mtoto kamzoea mpaka jioni hataki kutoka. Kwa hiyo mama zangu wenye mimba, anzeni kuulizia nafasi sasa hivi, na msiwadharau hao wa majumbani.