Huduma za filamu mtandaoni: je, bado ni nafuu kuliko kebo?

Nilipoachana na televisheni ya kebo nikahamia kwenye huduma za kutazama filamu kwa intaneti, kilichonihamisha kilikuwa bei. Mwaka 2011 kifurushi cha Netflix cha kutazama mtandaoni pekee kiliuzwa dola 7.99 kwa mwezi nchini Marekani, hakikuwa na matangazo ya biashara, na kilikusanya mahali pamoja kazi za studio nyingi. Kufikia Januari 2025 kifurushi cha kawaida kisicho na matangazo kilikuwa dola 17.99. Disney+, iliyoanza Novemba 2019 kwa dola 6.99, ilifika dola 18.99 Oktoba 2025 kwa kifurushi kisicho na matangazo.

Kupanda kwa bei ya huduma moja ningekuvumilia. Kinachoniuma zaidi ni kwamba studio nyingi, zilipoona biashara inalipa, ziliacha kuiuzia Netflix kazi zao, zikafungua huduma zao wenyewe. Tamthilia niliyokuwa nikiifuatilia iliondolewa nikiwa katikati ya msimu wa pili, na nilipoitafuta nikaikuta kwenye huduma nyingine inayodai malipo yake. Mwenye kutaka kutazama kila kinachozungumzwa sasa hulipia huduma nne au tano, na bado hajalipia intaneti yenyewe, ambayo bila hiyo hakuna anachokiona.

Matangazo nayo yamerudi. Januari 2024 Prime Video, huduma ya Amazon, ilianza kuyaonyesha nchini Marekani kwa wateja waliokuwa wakilipa tayari, na asiyeyataka akatakiwa kuongeza dola 2.99 kila mwezi. Nakiri kwamba katika jambo hili kebo ilikuwa na ustaarabu zaidi, kwa kuwa vipindi vyake viliandikwa vikiwa na mapumziko, na mtazamaji aliyajua. Filamu ya sinema haikuandikwa hivyo: mama ameshika barua, anaifungua kwa mikono inayotetemeka, na kabla hajasoma mstari wa kwanza linaingia tangazo la sabuni, huku sekunde zikihesabiwa kwenye kona ya kioo.

Hata hivyo siitamani kebo. Kampuni niliyokuwa mteja wake ilinifunga kwa mkataba wa miaka miwili, ikanitoza kila mwezi kodi ya king'amuzi, na ndani ya kifurushi ikaniwekea chaneli chungu nzima ambazo sikuwahi kuzifungua. Siku niliyotaka kujitoa nilikaa kwenye simu karibu saa nzima, nikihamishwa kutoka kwa mhudumu mmoja hadi mwingine, na wa mwisho kazi yake ilikuwa kunibembeleza nibaki. Huduma ya mtandaoni niliyoiacha hivi karibuni niliisitisha kwa kubofya mara tatu, nikaendelea kuitazama hadi siku nilizokwisha kulipia zikaisha.

Kwangu mimi hapo ndipo thamani yote iliyobaki. Anayelipia huduma zote kwa pamoja mwaka mzima amekwisha jirudisha kwenye bili ya kebo, lakini anayelipia moja, akaimaliza, akaisitisha na kwenda nyingine, bado anatumia kiasi kidogo sana. Kwa sababu hiyohiyo sipendekezi malipo ya mwaka mzima, hata yakija na punguzo, maana yanamnyang'anya mteja uhuru wa kuondoka.

Mpenzi wa michezo yuko katika hali tofauti, kwa kuwa mechi haingoji zamu ya huduma. YouTube TV, inayorusha chaneli za moja kwa moja nchini Marekani, ilianza mwaka 2017 kwa dola 35 na ikafika dola 82.99 mwaka 2025. Hiyo ni kebo iliyopitishwa kwenye intaneti, na mwenye mkataba mzuri wa kebo hana haja ya kuharakisha kuuvunja.

Kwa sasa ninayo huduma moja tu. Inajilipia yenyewe kila tarehe 18, kwa hiyo nimeweka kikumbusho kwenye simu tarehe 16, na tamthilia iliyonileta imebakiza vipindi vitatu.