Bima ya nyumba na paa la asbesto: uzoefu wangu Lubumbashi

Nyumba yetu ya Bel-Air ilijengwa miaka ya 1950. Paa lake ni yale mabati mazito ya kijivu, ya saruji iliyochanganywa na asbesto, yaani nyuzi za madini. Aliyetuuzia aliyasifu sana: hayashiki kutu, na mvua ikinyesha mnasikilizana ndani. Ni kweli. Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, upepo ulivunja tawi la mwembe, likaangukia chumba cha watoto. Ashukuriwe Mungu, hawakuwemo. Mabati 9 yalipasuka.

Nilikuwa na bima ya nyumba, dola 240 kwa mwaka, na sikuwahi kuchelewa kulipa. Nikapiga simu siku ileile. Niwape haki yao: mtaalamu wao alifika siku ya tatu, akapanda ngazi, akapiga picha, akahesabu kila kitu, wala hakuomba pesa ya sukari.

Baada ya wiki tatu ikaja barua. Watalipa mbao, dari na kitanda. Mabati yenyewe hawalipi. Kuyashusha hawalipi, na kusafisha vumbi lake hawalipi. Sababu iko ukurasa wa 14 wa masharti ya jumla: hasara, gharama au dai lolote linalotokana na asbesto, moja kwa moja au kwa njia nyingine, haliko ndani ya bima. Kwenye mkataba wa Kifaransa neno ni amiante. Litafute kabla ya kutia sahihi. Mimi nilipewa kurasa mbili tu za masharti maalum, kijitabu cha masharti ya jumla nikakipata nikiwa nimeshalipa.

Nilikwenda ofisini nikawaambia: kilichovunja paa ni upepo. Kijana wa pale akanijibu kwa upole, "Papa, upepo tunaulipa, asbesto ndiyo hatulipi." Kwa maandishi yao, hajakosea. Kinachoniuma ni kwamba fomu iliuliza aina ya paa, nikaijaza wazi, na wakapiga hesabu ya malipo yangu kwa thamani ya nyumba nzima, paa likiwemo. Kwa hilo nawapa nyota 2 kati ya 5, na hizo 2 ni za yule mtaalamu. Malalamiko yangu nimeyapeleka ARCA, inayosimamia bima nchini. Nasubiri jibu.

Hofu ya makampuni ya bima naielewa. Vumbi la asbesto huleta kansa ya mapafu na ya utando unaoyazunguka, na ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 50. Madai ya wagonjwa wa Marekani yaliwafilisi wawekezaji wengi wa Lloyd's, soko la bima la London, miaka ya 1990. Lakini paa langu lililopigwa na tawi si dai la mgonjwa. Hata soko la London lina kifungu chepesi zaidi: asbesto iliyo sehemu ya jengo hulipwa ikiharibiwa na moto, radi, upepo au mvua ya mawe. Tangu sheria ya 2015 ilipoondoa ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, tunaweza kuchagua, kwa hiyo nilihamia kampuni nyingine na kudai kifungu cha namna hiyo. Wameniandikia, kwa dola 35 za ziada.

Siku ile ya upepo, mama mkwe alikuwa ameshashika ufagio. Nilimzuia mlangoni. Kwenye ukingo uliovunjika nyuzi zilikuwa zimechomoza, nyembamba na laini kama pamba ya godoro kuukuu. Paa lisilovunjika, likiachwa limetulia, halina hatari kubwa. Hatari ni kulivunja, kulikata kwa msumeno, kufagia kukavu. Fundi wa kwanza alikuja na mashine ya kukatia, nikamrudisha. Wa pili alikubali kulowesha kila bati kwa maji yenye sabuni, kufungua misumari bila kuvunja, na kuvaa barakoa ya FFP3, ile inayozuia vumbi laini, si ile ya hospitali. Tukafunga kila kipande kwa plastiki nzito mara mbili. Nililipa dola 310 mfukoni mwangu, bila kuhesabu mabati mapya.

Sijapata mahali salama pa kuyatupa. Yako nyuma ya jiko, chini ya mwembe uleule. Majirani wawili wameyaomba kwa ajili ya banda la kuku. Nimewakatalia wote, na juu ya plastiki nimeandika kwa rangi nyekundu: ASBESTO, USIFUNGUE.