Joto la vifaranga Mtwara na Lindi: kipi ununue kabla kusi haijakaza

Ukimwambia mtu wa Njombe kwamba Mtwara kuna baridi, atacheka. Kifaranga wa siku moja hacheki. Huyu anataka joto la nyuzi 32 hadi 35 pale anapolala, na usiku wa Julai mjini kwetu joto hushuka hadi kuzunguka nyuzi 20. Newala na Tandahimba, juu kule uwanda wa Makonde, baridi inazidi. Julai moja nilizika vifaranga 37 asubuhi moja, kwa sababu umeme ulikatika usiku nami nimelala fofofo. Tangu hapo, nikiwa dukani najiuliza kwanza: umeme ukienda saa nane usiku, hiki ninachonunua kitanisaidia nini?

Kabla ya kutoa hela, ziba upepo. Kusi inaingia kutoka kusini-mashariki, basi upande huo uwe na turubai kuanzia chini hadi kimo cha kiuno, juu pabaki wazi hewa ipite. Mifuko iliyobeba salfa ya mikorosho isikaribie banda, vumbi lake linawasha macho na mapafu. Chini mwaga maranda makavu au makapi ya mpunga, siyo unga wa mbao, maana wanaula.

Huu ndio mpangilio wangu kwa vifaranga 100.

1. Globu mbili za wati 100. Ziwe zile za zamani zenye waya ndani, zinazounguza ukizigusa. Globu za kisasa za kubana matumizi zinatoa mwanga tu, na wauzaji wengi watakupa hizo usipouliza. Mbili ni bora kuliko moja kubwa: moja ikiungua nyingine inabaki, na jua likipanda unazima moja moja. Zikiwaka saa 12 zinakula uniti 2.4. Nunua holda ya kauri, ya plastiki inayeyuka, na uifunge kwa mnyororo au waya, kamwe usiitundike kwa waya wake wa umeme. Globu ikianguka kwenye maranda, banda limekwenda.

2. Jiko la mkaa na chungu. Kwa asiye na umeme hili ni la kwanza, na mwenye umeme awe nalo la akiba. Washia nje mpaka mkaa uwe mwekundu wote na moshi uishe, funika kwa chungu kipana chenye matundu, ndipo uingize. Lizungushie matofali wasiliguse. Hatari yake ni ile hewa ya mkaa isiyo na harufu, inayoua vifaranga na mtu pia, kwa hiyo usizibe banda lote wala usilale humo. Maganda ya korosho tunayo bure, lakini usiyatie jikoni humo: mafuta yake yanababua ngozi na moshi wake unachoma koo.

3. Taa nyekundu ya wati 250. Inapasha vizuri, na wanadonoana kidogo kuliko kwenye mwanga mweupe. Itundike kama sentimita 45 kutoka chini. Nimeishusha hadi nafasi ya tatu kwa sababu ya joto letu la mchana: saa saba inawakausha, na huwezi kuizima nusu. Newala ningeipandisha.

4. Chemli. Mbili zinafaa vifaranga 30 au 40. Utambi ukiwa mrefu inatoa masizi, na mafuta ya taa yanakwisha alfajiri, saa ile baridi ndiyo kali.

5. Hita ya gesi. Nzuri sana kwa anayelea 500 na kuendelea. Chini ya hapo mtungi utakula faida yako.

Mwenye vifaranga kumi asinunue chochote, amwachie kuku mama wao. Na usiku wa dharura, dumu la maji ya moto lililovingirishwa gunia litakuvusha saa chache.

Ukishawasha, watazame wenyewe. Wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakikimbilia pembeni huku wamefungua midomo wanaungua, wakijibana upande mmoja kuna upepo unapenya. Kila wiki punguza kama nyuzi 3, kwa kuinua taa. Wiki ya nne au ya tano, manyoya yakishajaa, wengi hawahitaji tena.

Mbuzi wakubwa usiwanunulie taa. Wakiwa kwenye kichanja kikavu, makuti yamezibwa upande wa kusi, wanatosheka. Mtoto wa mbuzi aliyezaliwa usiku mfute kwa gunia kavu, ahakikishiwe maziwa ya kwanza ya mama yake ndani ya saa chache, kisha walale pamoja.